Arua, Mwitanzige na Majina ya Wageni

Mwaka 1914, sehemu ya kusini ya eneo la Lado, magharibi ya mto Nile, ilipokabidhiwa Uganda, Waingereza waliweka boma lao Arua, na mji uliokua kuzunguka Arua Hill ukabaki na jina la Kilugbara. Miji mingine haikuponea hivyo. Fort Portal mpaka leo unamkumbuka Gerald Portal, na Port Bell unamkumbuka gavana Hesketh Bell.

Lado yenyewe ilipita mikono mingi. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliikodi mwaka 1894. Alipofariki mwishoni mwa 1909, ikarudi Sudan. Mwanzoni mwa 1910 Theodore Roosevelt alipiga kambi humo kuwinda vifaru weupe. Vifaru hao waliisha, jina Rhino Camp lipo, na siku hizi wanaolitaja zaidi ni wakimbizi wa Sudan Kusini waliopewa makazi huko. Wilaya nzima iliitwa West Nile, jina la mtu anayeitazama nchi kutoka ng'ambo ya mto. Walugbara, Wakakwa, Waaluri na Wamadi wakajikuta wameingizwa katika jina moja, na ajabu ni kwamba leo wanalivaa kwa fahari.

Kusini kidogo, Samuel Baker alifika mwaka 1864 kwenye ziwa ambalo Wanyoro waliliita Mwitanzige. Akalipa jina la Albert, marehemu mume wa Malkia Victoria. Maporomoko ya Nile akampa Roderick Murchison, mkuu wa chama cha wanajiografia London, ambaye hakuwahi kuyaona.

Aliyethubutu kuyafuta majina hayo alikuwa Rais Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko. Maporomoko yakawa Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza miaka ya 1890. Hapo alipatia. Lakini mwaka 1973 ziwa Edward likawa ziwa Idi Amin Dada, na Albert likawa ziwa Mobutu Sese Seko, kwa jina la mtawala wa Zaire. Mwitanzige hakukumbukwa. Majemadari wawili waliwaondoa Edward na Albert wakakaa wenyewe kwenye viti vyao. Amin alipoanguka mwaka 1979, majina yake yakaanguka naye, na kwa bahati mbaya Kabalega akabebwa na mafuriko hayohayo, Murchison akarudi.

Kwingineko wamepata njia isiyofuta jina lolote. Kuanzia mwaka 1993 Waaustralia waliliandika jabali la Uluru kwa majina mawili, la wenyeji na la Ayers, na mwaka 2002 wakalitanguliza la wenyeji. New Zealand nayo ilifanya hivyo kwa mlima Aoraki mwaka 1998. Hakuna aliyepotea njia.

Huku kwetu mjadala umejikita Kampala. Mwaka 2020 wakili Apollo Makubuya na wenzake waliomba majina ya kikoloni ya mitaa yabadilishwe, na Februari 2025 Mahakama Kuu ikaamuru yaondolewe. Amri hiyo ni ya jiji; haifiki ziwani wala kwenye maporomoko. Na kufuta tu hakutoshi, kwa sababu Amin naye alifuta. Serikali iandike Mwitanzige kando ya Albert na Kabalega kando ya Murchison, kwenye vibao vya barabara ya Pakwach na kwenye ramani za shule, na Mwitanzige atangulie.