Kiluwiluwi Haugui?

Bila shaka umewahi kuinua karai lililosahaulika nyuma ya nyumba ukaona viluwiluwi vya mbu vikipinduka-pinduka majini. Maji yale yananuka na yamejaa vijidudu. Mtoto akiyanywa anaweza kuharisha. Mbona kiluwiluwi anaishi humo na haozi?

Swali la namna hiyo lilimshughulisha mtaalamu mmoja wa Sweden, Hans Boman. Yeye na wenzake walichukua mabuu ya nondo mkubwa wa Marekani, yaliyokuwa yamelala ndani ya vifuko vyao, wakayadunga bakteria. Mabuu yakajitengenezea dawa mwilini! Mwaka 1981 walieleza dawa hiyo, iitwayo sekropini: hutoboa ngozi ya bakteria hadi afe. Mdudu hana kingamwili kama zetu, kwa hiyo hutegemea kinga hii ya haraka. Hata wewe na mwanao mnayo ya aina hiyo kwenye ngozi na matumbo.

Mbu mzima naye ana kinga. Akinyonya damu ya mtu mwenye malaria, kinga hiyo huua vimelea vingi tumboni mwake. Tatizo ni kwamba haimalizi vyote, na vichache vinavyobaki vinatosha kumwambukiza mtoto wa jirani.

Huko Mbita, kando ya ziwa letu, kuna kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mwaka 2020 watafiti wake walitangaza kwamba baadhi ya mbu wa Mbita na sehemu nyingine za Kenya wana kijidudu kiitwacho mikrosporidia MB, kinachozuia vimelea vya malaria kukua ndani ya mbu. Mbu jike huwarithisha watoto wake kupitia mayai, hivyo kiluwiluwi huanguliwa akiwa nacho.

Usiseme basi, tuviache viluwiluwi. Mbu wengi hawana kijidudu hicho. Mwaga maji ya karai, mlaze mtoto ndani ya neti, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo. Tena iko chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa nchini Kenya mwezi Septemba 2019 huko Homa Bay. Hiyo huufundisha mwili wa mtoto kumkumbuka adui, kwa kuwatumia wale kingamwili ambao mdudu hana. Muulize muuguzi tarehe ya kila dozi, hasa ya mwisho, kwa sababu huja miezi mingi baadaye na ni rahisi kuisahau.