UZI: Mpaka ukifungwa, ugali unapanda. Historia fupi ya vita vya mahindi

1/ Kila bei ya unga ikipanda, mjadala ni ule ule. Kambi moja: "Fungeni mpaka, mkulima wetu anaumia!" Kambi nyingine: "Fungueni, watu wanalala njaa!" Mimi niko pande zote mbili: wazazi wangu wanalima mahindi Trans Nzoia, na mimi nanunua unga wa paketi Nairobi. Sitaji mwanasiasa wala chama. Twende na historia.

2/ Ugali tunaouita wa mababu si wa zamani hivyo. Mahindi asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliyaleta pwani yetu karne ya 16. Bara, watu walisonga wimbi na mtama. Mahindi meupe yalitanda karne ya 20, enzi ya mkoloni, kupitia mashamba ya walowezi na posho ya vibarua.

3/ Siasa iliingia mapema. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilianza kudhibiti mahindi: yenyewe ndiyo mnunuzi, yenyewe ndiyo mpanga bei. Mlowezi alilipwa vizuri kuliko Mwafrika, kwa zao lile lile.

4/ Uhuru ukaja, udhibiti ukabaki. Kusafirisha magunia kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Yaani mpaka ulikuwa ndani ya nchi! Vizuizi hivyo viliondolewa mwisho wa 1993. Na miaka hiyo yote, mwenye kibali ndiye alikula. Shika hilo, tutalirudia.

5/ Soko la jirani je? Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005. Mahindi kutoka nje ya jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 50. Ya Uganda na Tanzania huingia bila ushuru. Uganda huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo malori ya Busia na Malaba huziba pengo kabla North Rift haijavuna, Oktoba hadi Desemba.

6/ Sasa 5 Machi 2021. Mamlaka ya kilimo na chakula ikasimamisha mahindi yote ya Uganda na Tanzania. Sababu: sumukuvu kupita kiwango. Malori yakakwama mpakani, majirani wakalalamika. Siku chache tu baadaye marufuku ikalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti cha ilikotoka, na cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

7/ Kuna watu watakwambia sumukuvu ni kisingizio. Si kweli. Mwaka 2004 iliua watu 125 hapa Kenya, wengi Makueni na Kitui. Lakini mahindi yale hayakuvuka mpaka wowote. Yalilimwa na kuhifadhiwa nyumbani, yakiwa na unyevu. Na Novemba 2019 shirika la viwango lilisimamisha chapa 5 za unga zinazosagwa hapa hapa. Kuvu haiulizi kitambulisho.

8/ Tuwe wa haki pia: hata jirani hufunga. Tanzania ilizuia mahindi yake kutoka nje 2011, na tena 2017. Ukitegemea lango la mwenzako, siku akilifunga unga wako unapanda.

9/ Hiyo 2017 kwetu unga uliadimika. Serikali ikafuta ushuru, meli ikatia nanga Mombasa na takriban tani 30,000 kutoka Mexico, paketi ya kilo 2 ikauzwa shilingi 90 kwa ruzuku. Mnunuzi alipumua. Lakini mkulima huuliza: hayo mahindi ya bei nafuu yakiendelea kuingia hadi nivune, gunia langu la kilo 90 nitamuuzia nani?

10/ Ndiyo maana naona "fungua ama funga" ni swali bovu. Ukifunga ghafla, mahindi hupita panya njia bila kupimwa, na anayekula ni yule wa gorogoro na kisiagi. Ukifungua ghafla wakati wa mavuno, mkulima mdogo anauza kwa hasara ili alipe karo. Katikati yuko mwenye ghala na kibali. Yeye hufaidi pande zote, kama wale wa kabla ya 1993.

11/ Kwa hivyo mgombea akikuahidi mpaka, muulize haya matatu: Tarehe za kuagiza zitatangazwa kabla ya kupanda, ama baada? Mahindi yetu yatapimwa kama ya jirani? Na mashine za kukausha ziko wapi, kwa bei gani kwa gunia? Akikosa jibu la hilo la tatu, usijali sana yale mengine. Mahindi yasiyokaushwa yana sumu hata yakiwa na bendera yetu.

Wewe uko upande gani, shamba ama paketi? Andika hapo chini, na matusi uyaache nje.