Zilizopendwa jukwaani: kwa nini nyimbo za kale hujaza ukumbi

Jumamosi moja hapa Buruburu nililipa kiingilio nikaingia ukumbini kutazama vijana wa mtaa wakiimba nyimbo zilizotoka kabla wazazi wao hawajaoana. Viti vya plastiki vilikwisha mapema, waliochelewa wakasimama ukutani. Kila wimbo ulipoanza, hadhira iliudaka kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Mzee mmoja tu, aliyeketi kando yangu, hakuimba. Alikuwa akitazama vidole vya mpiga gitaa. Sababu yake niliijua baadaye, nami nitaifikia. Kwanza tuelewane ni onyesho la namna gani.

Ni onyesho gani hili?

Ni onyesho la jukwaani linalojengwa kwa nyimbo ambazo watu wanazijua tayari. Lina sura mbili. Ya kwanza ni msururu: wimbo baada ya wimbo, mavazi na dansi za enzi ile, na mshereheshaji anayeunganisha kwa maneno machache. Ain't Misbehavin', lililotoka New York mwaka 1978 kwa nyimbo za Fats Waller, ni la aina hiyo. Sura ya pili ina hadithi kamili, na nyimbo za zamani hupachikwa ndani yake. Maarufu kuliko yote ni Mamma Mia!, lililofunguliwa London mwaka 1999 kwa nyimbo za kundi la ABBA. Afrika nayo imo: maisha na muziki wa Fela Kuti yaliingia Broadway mwaka 2009.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1728 John Gay aliandika The Beggar's Opera kwa kuchukua tuni zilizokuwa zikiimbwa mitaani London na kuzitilia maneno mapya. Kwetu Kenya, mwaka 1982, kundi la Kamirithu lililofanya kazi na Ngugi wa Thiong'o liliandaa Maitu Njugira, mchezo uliojaa nyimbo za zamani za jamii mbalimbali. Lilizuiwa kuuonyesha katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho. Mazoezi yakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi, watu wakafurika kuyatazama hadi hayo nayo yakasimamishwa. Nyimbo za kale, kumbe, si za kujifurahisha tu. Zinakumbusha mengi.

Kwa nini zinapendeza?

Sababu ya kwanza ni kwamba kazi ya kuufundisha wimbo imeshafanywa. Mchezo wenye nyimbo mpya unamtaka mtazamaji ajifunze tuni kumi au zaidi kwa usiku mmoja. Wa zilizopendwa unakuta redio imefanya kazi hiyo kwa miaka hamsini.

Ya pili ni lugha. Buruburu ilianza kujengwa mapema miaka ya 1970, ikaendelea kwa fezi tano, na tangu mwanzo majirani walitoka pembe zote za nchi. Nyumbani kila mtu ana lugha yake, lakini nyimbo za Fadhili William, Daudi Kabaka na Fundi Konde ni za Kiswahili chepesi ambacho wote wanakielewa. Sisi wapwani tuna fahari ya ziada: Konde alikuwa Mgiriama, na Them Mushrooms waliozirudia nyimbo zake wakiwa naye walianzia Mombasa kabla ya kuhamia Nairobi.

Ya tatu ni kwamba nyimbo nyingi za miaka ya 1960 ni fupi, na kila moja ni kisa. Malaika ni kijana asiye na mahari. Yuko mhusika, iko shida, na mwandishi wa mchezo hana haja ya kuhangaika sana. Rumba na benga za miaka ya 1970 ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi wimbo mmoja ulikata pande zote mbili za santuri. Ukiuweka wote jukwaani bila kuupunguza, mchezo unalala.

Ya nne niliiona kwa macho yangu. Msichana aliyekuja na nyanya yake alikuwa akiyajua maneno yote. Nilipomuuliza ameyajulia wapi, alicheka: "Kwa matatu, wapi tena?" Matatu za 58 zinazokuja huku zina sifa ya muziki wa juu, na dereva akiamka na moyo wa zamani, abiria wote wanarudi zamani pamoja naye.

Ila kuna hatari. Onyesho likitegemea ukumbusho peke yake, linageuka karamu ya kupiga makofi. Enzi zile hazikuwa tamu kwa kila mtu, na baadhi ya nyimbo hizo zinamsimanga mwanamke kwa namna ambayo leo inakera. Mtunzi mzuri wa onyesho hazifichi. Humpa mwanamke wa wimbo ule nafasi ya kujibu.

Nani anadaiwa?

Sasa nirudi kwa mzee. Katika karatasi ya ratiba tuliyopewa mlangoni, mbele ya kila wimbo paliandikwa jina la wimbo, mwimbaji wa usiku ule, na mtunzi. Kwenye wimbo wa nne, mahali pa mtunzi, waliandika "zilizopendwa". Taa zilipowashwa nilimwamkia, nikamuuliza kama amefurahi.

"Wameupiga vizuri," akasema. Kisha akaweka kidole kwenye ule mstari wa nne. "Lakini mwanangu, zilizopendwa si jina la mtu. Huu niliutunga mimi."

Alikuwa amelipa kiingilio kama mimi ili ausikilize wimbo wake mwenyewe.

Vijana wale hawakuwa na nia mbaya. Walidhani wimbo mzee hauna mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema vingine: kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Fundi Konde alifariki mwaka 2000, kwa hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2050. Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki mwaka 2001, nao ni hadi mwisho wa 2051. Mtunzi aliye hai, kama jirani yangu, hata hesabu haijaanza.

Kumpata mwenye haki si rahisi kila mara. Haki zaweza kuwa kwa warithi au kwa kampuni ya santuri. Malaika wenyewe, ingawa wengi wanaujua kwa jina la Fadhili William, Adam Salim na Lucas Tututu nao wametajwa kuwa watunzi wake. Kwa hiyo anayepanga onyesho, awe Buruburu au Kisauni, aanze na orodha ya nyimbo kabla ya mavazi. Aulize vyama vya kukusanya mirabaha kuhusu leseni ya kuimba hadharani. Na kama anaupachika wimbo ndani ya hadithi au kubadilisha maneno, amwendee mwenye haki mwenyewe, maana leseni ya ukumbi peke yake huenda isitoshe.

Nilimpeleka mzee nyuma ya jukwaa. Kiongozi wa kundi alisoma ule mstari, akainamisha kichwa, akamwomba radhi. Onyesho lililofuata ratiba ilikuwa na jina la mzee, na bahasha ilimfikia kabla ya mlango kufunguliwa. Haikuwa nene. Safari hiyo aliingia bila kulipa, na wimbo wa nne ulipofika, aliimba.