Somo la Historia: Wakfu wa Nyumba na Majaji wa London

Chukueni daftari na kalamu. Leo tutajifunza habari za wasia na wakfu, na jinsi hati ya marehemu ilivyoweza kuvunjwa na majaji wa mbali.

Tuanze kwa hesabu ndogo. Tuseme mzee mmoja Mwislamu wa Mombasa amefariki, na wazazi wake walikwisha kufa. Ameacha mke mmoja, wana watatu na binti mmoja. Mali yake ni nyumba ya mawe yenye maduka chini. Gharama za mazishi na madeni yakiisha kulipwa, nyumba hugawanywa mafungu 8. Mke hupata fungu 1, binti fungu 1, na kila mwana mafungu 2. Jumlisha mwenyewe: 1 na 1 na 6 ni 8. Sasa nyumba moja ina wenyewe watano. Mmoja akidai fedha zake, huenda nyumba yote ikauzwa.

Je, mzee angeandika wasia? Angeweza, lakini wasia wa Kiislamu una mpaka. Huhusu theluthi moja tu ya mali, wala haumwongezei mrithi kitu ila warithi wenzake wakubali.

Kwa hiyo wazee wengi wa pwani walitumia njia ya wakfu. Mwenye nyumba, yu hai, huiondoa katika mali yake. Tangu hapo haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Mutawali huitunza na kukusanya kodi, na kodi hugawiwa wale waliotajwa katika hati. Wengine waliweka wakfu kwa msikiti au kisima. Wengine waliwawekea watoto na wajukuu, kizazi baada ya kizazi. Na kizazi kikikatika, faida iende kwa maskini. Huo ndio wakfu wa familia.

Hapo ndipo tatizo lilipozuka. Mwaka 1894 kesi ya wakfu wa familia kutoka Bengal, Bara Hindi, ilifika London katika baraza la rufani la makoloni, lililoitwa Privy Council. Majaji wakasema: fungu la maskini liko mbali mno, ni jina tu, basi wakfu huu ni batili. Na wakfu ukibatilika, mali hurudi kwa warithi na kugawanywa. Lile alilolikimbia marehemu ndilo lililotokea!

Waislamu wa Bara Hindi walilalamika sana, wakisema kumlisha mwanao nako ni sadaka. Mwaka 1913 sheria ikatungwa huko kuhalalisha wakfu wa namna hiyo, na mwaka 1930 ikaongezwa nyingine ili iokoe na zile za zamani.

Lakini sheria ya Bara Hindi haikuvuka bahari. Uamuzi wa London ndio uliovuka. Mahakama za Afrika Mashariki ziliufuata, ingawa Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na kesi ile haikutoka kwao. Kesi moja ya Kenya ilifika London pia. Ilichapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1952, na majaji walishika neno lilelile la 1894. Kenya nayo ilikuwa imetunga sheria mwaka 1951 kuhalalisha wakfu wa familia, kwa sharti kwamba mwisho wa faida uwe kwa maskini au kwa jambo jingine la heri.

Ndugu msikilizaji, fikiri. Wazee wale hawakukosa dini wala nia. Walikosa kujua ni sheria ya nani itakayoisoma hati yao. Marehemu hawezi kusimama mahakamani akaeleza alichokusudia. Karatasi yake ndiyo humsemea. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi au dole gumba, isomewe hati yako kadhi au shehe ajuaye mirathi, na wakili ajuaye sheria ya serikali. Waulize wote wawili swali moja: “Nikifa, hati hii itasimama?”

Maswali ya kujadiliana:
1. Wasia na wakfu hutofautianaje?
2. Kwa nini majaji walibatilisha wakfu wa Bengal?
3. Kama mzee yule angeacha mke, wana wawili na mabinti watatu, kila mmoja angepata mafungu mangapi katika 8?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.