Umbali kama Ushahidi: Kesi ya Kapenguria na Kifungo cha Turkana

Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano, iliyoamuliwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, mara nyingi husimuliwa kama kisa cha shahidi mmoja aliyenunuliwa. Rawson Macharia alitoa ushahidi wa uongo, hakimu akauamini, na Kenyatta akafungwa miaka saba kwa kuiongoza Mau Mau, harakati ya siri ya kupinga ukoloni. Kisa hicho hakitoshi, kwa sababu Macharia mwenyewe aliukana ushahidi wake mwaka 1958 na hakuna mfungwa aliyefunguliwa kwa ajili hiyo. Kilichoidumisha hukumu ni mahali. Serikali ya kikoloni iliichukua kesi yenye ushahidi hafifu ikaipeleka kwenye barabara itokayo Kitale kwenda kaskazini, na kila ilipozidi kusonga, haja ya ushahidi ilizidi kupungua. Hukumu ilitolewa Kapenguria, kifungo kikatumikiwa Lokitaung, kisha huko Lodwar mtu aliyekwisha kumaliza kifungo chake akazuiliwa bila kosa jipya. Ndiyo maana Turkana, wilaya yenye Lokitaung na Lodwar, inastahili kusomwa kama sehemu ya kesi yenyewe.

Tazama jinsi mahakama ilivyopatikana. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na Kenyatta alipokamatwa alisafirishwa kwa ndege mpaka Lokitaung, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kesi haikuweza kusikilizwa huko. Basi washtakiwa wakaletwa Kapenguria, wakaachiliwa kwa jina tu na kukamatwa upya papo hapo, ili ionekane kwamba walipatikana katika eneo la mahakama hiyo. Kapenguria haikuwa na jengo la kufaa, kwa hiyo darasa la shule likageuzwa korti. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa kesi hii moja, na wanahistoria waliochunguza kumbukumbu za utawala wa kikoloni wameeleza malipo ya siri ya pauni 20,000 aliyopewa. D. N. Pritt, wakili mkuu wa utetezi aliyetoka London, alilala Kitale na kusafiri kila siku ya kesi. Eneo lilikuwa limefungwa, kuingia kulihitaji kibali, na mashahidi wa utetezi walikuwa Kiambu, Nairobi na kwingineko, mamia ya kilomita kutoka kizimbani. Upande wa mashtaka ulikuwa na magari ya serikali, polisi wa serikali na fedha za serikali.

Ndani ya darasa lile, Macharia alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau mwezi Machi 1950. Hata kama ingekuwa kweli, Mau Mau ilipigwa marufuku Agosti mwaka huo, miezi mitano baadaye. Mashahidi kumi walisimama kumpinga. Thacker alitamka katika hukumu yake kwamba anamwamini yule mmoja na kuwakataa wale kumi, na kwamba hasiti kufanya hivyo. Ushahidi mwingine mwingi ulikuwa wa mazingira: mikutano ya KAU, chama alichokiongoza Kenyatta, umati uliofurika, nyimbo zilizoimbwa, maneno ambayo Kenyatta hakuyasema. Mwezi Agosti 1952 alikuwa ameilaani Mau Mau hadharani mjini Kiambu, mbele ya maelfu ya watu. Upande wa mashtaka ukadai kwamba laana ile haikuwa na uzito wa kutosha. Ushahidi wa mazingira ni halali katika sheria, na mahakama za Afrika Mashariki zimeutumia miaka mingi kwa sharti moja: matukio yakiunganishwa yasiweze kuelezwa kwa namna nyingine yoyote ila kwamba mshtakiwa ana hatia. Kapenguria sharti hilo liligeuzwa. Akinyamaza, kimya chake kilikuwa kukiri. Akilaani, laana yake ilikuwa hila. Ushahidi ambao hauwezi kukanushwa kwa tendo lolote la mshtakiwa haujathibitisha kitu.

Mtu anaweza kujibu kwamba nchi ilikuwa vitani. Chifu mkuu Waruhiu alikuwa ameuawa tarehe 7 Oktoba 1952, mashahidi walikuwa hatarini, na kuendesha kesi hiyo Nairobi kungeweza kuleta fujo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini serikali ilikwisha kujipa uwezo wa kumzuilia yeyote bila kesi. Ilichagua kesi kwa sababu ilitaka dunia iambiwe kwamba Kenyatta ni mhalifu aliyethibitishwa, na anayetaka heshima ya mahakama hana budi kulipa gharama yake. Jibu la pili ni zito zaidi: baadhi ya wale washtakiwa sita walihusika kweli na Mau Mau. Bildad Kaggia na Fred Kubai hawakuficha baadaye kwamba walikuwa ndani ya harakati. Hilo linaizidishia kesi aibu. Kaggia na Kubai waliohusika, Kenyatta ambaye wanahistoria wengi leo wanakubali kwamba hakuwa kiongozi wa Mau Mau, na Achieng' Oneko, Mluo aliyewekwa kizimbani pamoja nao, wote walipewa hatia moja na adhabu moja. Mahakama isiyoweza kuwatenganisha watu hao haikuwa inapima ushahidi.

Rufaa zilionyesha nyufa bila kuliangusha jengo. Julai 1953 Mahakama Kuu iliona kwamba uteuzi wa Thacker ulikuwa wa mkoa mwingine, si ule wenye Kapenguria; Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaiokoa hukumu. Mwaka 1954 hatia ya Oneko ilifutwa, lakini hakwenda nyumbani: aliendelea kuzuiliwa kwa amri ya serikali. Wenzake walibaki Lokitaung. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa tangu zamani, na Waturkana wenyewe waliishi chini ya sheria za vibali kabla mwanasiasa yeyote hajapelekwa huko. Makhan Singh, mwanzilishi wa vyama vya wafanyakazi, alizuiliwa huko huko Lokitaung tangu 1950. Serikali ilikuta chombo kikiwa tayari.

Hapa ndipo kisa cha Turkana kinapoachana na filamu za uhalifu za Marekani za miaka ile. Call Northside 777 ya mwaka 1948, iliyotokana na kesi ya kweli ya Chicago, inafuata mwandishi wa habari anayefumua ushahidi wa shahidi mmoja mpaka mfungwa anatoka. Lakini Macharia alipoapa mwaka 1958 kwamba alidanganya kwa kuahidiwa masomo Uingereza, aliyeshtakiwa alikuwa yeye, kwa kiapo hicho kipya, naye akafungwa. Serikali ilikubali kwamba ilimsomesha, ikaeleza kwamba ni kwa usalama wake. Tuseme mahakama iliyomfunga ilikosea au tuseme ilipatia: shahidi aliyeapa mara mbili kwa maneno yanayopingana hawezi kuwa nguzo ya kifungo cha miaka saba.

Aprili 1959 Kenyatta alimaliza kifungo, akahamishiwa Lodwar chini ya amri ya kuzuiliwa. Mkewe Ngina alimfuata, wakaishi katika nyumba ambayo leo imehifadhiwa kama turathi. Mei 1960 Gavana Patrick Renison alimwita kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Hakuhitaji tena hata Macharia. Machi 1961 viongozi wa kisiasa walimfikia Lodwar, Aprili akapelekwa Maralal, Agosti akawa huru.

Wapo wanaosema umbali ulimkuza Kenyatta, kwamba bila Lodwar asingekuwa waziri mkuu mwaka 1963. Huenda. Lakini aliokolewa na sauti za nje, kama ya Oginga Odinga aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na kuwataja wafungwa wale kuwa viongozi wa watu. Asiye na Odinga hubaki alikopelekwa. Na chombo hakikuvunjwa. Mwaka 1969 serikali ya Kenyatta mwenyewe ilimzuilia Oneko bila kesi, akatoka 1975. Hili ni jambo la kuumiza kulisema juu ya mtu aliyedhulumiwa kwa njia hiyo hiyo, ila lazima lisemwe.

Umbali huo bado una kazi. Kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, kwenye barabara ile ile ya kaskazini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma imekuwapo tangu 1992. Kwa miaka mingi mkimbizi aliyetaka kutoka alilazimika kuwa na hati ya kusafiri, na kuonekana nje bila hati kulitosha kumfikisha kortini. Kesi zilisubiri mahakimu watoke Lodwar, mpaka Kakuma ilipopata mahakama yake. Hiyo ni hatua ya maana, kwa kuwa hakimu sasa yupo karibu. Shahidi wa utetezi anayeishi Nairobi bado yuko mbali, na mshtakiwa asiye na hati hawezi kwenda kumtafuta.