Tufani, Nyumba na Mazizi: Kutoka Unguja 1872 Hadi Batinah 2021



Kitabu chetu hiki kila mwaka hutukumbusha nasaba, harusi, watoto waliozaliwa na wazee waliotangulia mbele ya haki. Safari hii tumeona tuzungumze jambo linaloihusu kila nyumba, ya mwenye shamba Batinah na ya mwenye paka mmoja katika ghorofa ya London: namna watu wa nyumba wanavyohama kwa haraka hatari inapokuja, wakahama na wanyama wao. Historia ya watu wetu ina mafunzo yake katika jambo hili, maana sisi ni watu wa pwani mbili, na tufani imetupiga katika pwani zote mbili.

Tuanze Unguja. Tarehe 15 Aprili 1872 kisiwa kilipigwa na tufani kubwa. Seyyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili katika utawala. Merikebu zake zilizotia nanga bandarini ziliharibiwa, majahazi yakavunjika, na mikarafuu na minazi ya Unguja ikang'olewa kwa wingi. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikashika uongozi wa karafuu. Meli ya Glasgow, ambayo wazee wetu waliitaja sana katika hadithi za vita vya 1896, iliundwa Scotland kuziba pengo la merikebu zilizopotea siku ile.

Watu wa 1872 hawakuwa wazembe. Hawakuwa na habari. Waya wa simu wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, yaani miaka saba baadaye. Na mtu asiyejua kinachomjia hawezi kufungua zizi kwa wakati, wala kuwatoa watoto katika nyumba ya makuti kabla paa halijaruka.

Ng'ambo ya pili, mwanzoni mwa Juni 1890, tufani iliingia pwani ya Omani. Maskati ilipata mvua ya kiasi cha milimita 286 kwa siku moja, katika nchi ambayo miaka mingi haipati nusu ya hizo kwa mwaka mzima. Watu zaidi ya 700 walikufa. Hapa pia hapakuwa na onyo. Mvua ikishuka katika majabali makavu haizami ardhini. Huteremka mara moja katika mawadi, na wadi lililokuwa njia ya punda asubuhi huwa mto jioni.

Baada ya hapo ikaja ya kisiwa cha Masirah, tarehe 13 Juni 1977. Wakati huo wengi katika jamaa zetu walikuwa wamekwisha hamia Omani, baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Masirah karibu nyumba zote ziliharibika, na katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 100. Kisiwa kina shida yake ya peke yake: hakina bara la kukimbilia. Anayetaka kutoka atoke bahari ikiwa bado shwari, na mbuzi wake watoke naye, ama sivyo wabaki.

Sasa tufike Gonu, ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Ilifika Omani tarehe 5 kuamkia 6 Juni 2007, karibu siku zile zile za tufani ya 1890. Tofauti yake ni kwamba safari hii ilionekana kwa siku kadhaa ikija kutoka katikati ya Bahari ya Arabuni. Watu wa Masirah, kiasi cha 7,000, walihamishwa mapema. Waliokufa Omani walikuwa kiasi cha 50. Kila roho ina thamani yake, lakini tukumbuke kwamba nchi ya 2007 ilikuwa na watu wengi mno kuliko ya 1890, na bado msiba ulikuwa mdogo kwa mbali. Habari za mapema na watu kukubali kuondoka vilifanya kazi kubwa.

Hata hivyo Gonu ilitufunza mambo mawili. La kwanza, kilicholeta madhara makubwa Maskati ni maji ya mawadi zaidi kuliko upepo. Barabara zilikatika, na magari yakachukuliwa. La pili, mitambo ya kusafisha maji ya bahari ya Ghubrah na Barka ilisimama, mji ukakaa siku kadhaa bila ya maji ya bomba. Nyumba ambayo haikuweka maji ilihangaika katikati ya mafuriko. Aliyejiwekea mapipa ya watu akasahau ya mifugo aliona mifugo yake ikigombea matope.

Wako watakaosema: katika kuokoa roho za watu, mnyama ana nafasi gani? Jawabu ni kwamba mnyama aliyeachwa humvuta mtu nyuma. Marekani, tufani ya Katrina ilipopiga New Orleans mwezi wa Agosti 2005, wako waliokataa kupanda mashua za uokozi kwa kuwa mbwa au paka wao hakuruhusiwa. Mwaka 2006 ikapitishwa sheria kwamba mipango ya dharura ya majimbo na miji izingatie watu wenye wanyama. Uingereza nako, vita vilipoanza Septemba 1939, wenye nyumba waliogopa mabomu na uhaba wa chakula, wakawapeleka paka na mbwa mamia ya maelfu wakauliwa katika muda wa siku chache. Mabomu makubwa ya London hayakuanza mpaka mwaka uliofuata. Haya ndiyo matokeo ya kuamua katika hofu, bila ya kupanga.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi. Sote tulifundishwa chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutie. Mbuzi aliyefungwa kamba mtini maji yanapopanda hana tofauti na paka yule.

Tufani ya Shaheen ya tarehe 3 Oktoba 2021 ilikuja pale tulipo na mashamba. Iliingia Batinah, ambako tufani si jambo la kawaida, na Khaburah mvua ilifika kiasi cha milimita 369. Batinah ni uwanda mwembamba baina ya bahari na majabali ya Hajar. Anayekimbia mawimbi akaelekea ndani huenda akakutana na maji yanayoteremka kutoka majabalini. Na mazizi yetu mara nyingi tumeyajenga kando ya wadi, kwa ajili ya kivuli na majani. Pahala pazuri pa siku zote ndipo pabaya pa siku ile moja.

Kwa hivyo tunazipendekezea nyumba zetu mambo haya, nayo yafanywe hali ya hewa ikiwa njema.

Kwanza, ijulikane pahala pa juu pa kupeleka mifugo, mbali na wadi na mbali na ufukwe, na mwenye pahala hapo awe amekwisha ombwa ruhusa. Mifugo itangulie siku moja kabla ya watu, kwa sababu pikapu moja haibebi mbuzi thelathini kwa safari moja, na mvua ikianza ng'ombe hukataa kupanda gari.

Pili, kila mnyama awe na alama. Mabedui huwatia ngamia wao chapa, nasi mbuzi tuwatie hereni ya sikio. Baada ya mafuriko mifugo huchanganyika, na ugomvi wa mbuzi umewahi kutenga ndugu.

Tatu, paka na ndege wawe na tenga au kitundu chao, nacho kikae chumbani siku zote ili wakizoee. Paka anayeliona tenga mara ya kwanza siku ya hatari atakimbilia chini ya kitanda, na watoto hawatakubali kuondoka.

Nne, yawekwe maji na chakula cha siku tatu au zaidi, cha watu mbali na cha wanyama mbali, na dawa za wazee ziwe juu ya vyote.

Tano, asiyeweza kuwahamisha wanyama wake afungue mlango wa zizi na akate kamba. Mnyama aliye huru hutafuta mwinuko mwenyewe.

Sita, upepo ukitulia ghafla katikati ya tufani, mtu asitoke kwenda kutazama mifugo. Huenda hicho ni kitovu cha tufani kinapita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili.

Saba, pasi, vyeti vya kuzaliwa na hati za viwanja viwe katika mfuko mmoja usioingia maji. Hili halihitaji maelezo kwa watu wetu. Waliotoka Unguja mwaka 1964 na baadaye wanajua nini maana ya kufika nchi ya watu huna karatasi ya kuonesha wewe ni nani na baba yako ni nani. Iko miaka iliyopotea katika umri wa watu kwa kukosa cheti kimoja.

Mwisho tuna ombi. Katika kurasa za mwisho za kitabu hiki tumeacha nafasi tupu. Kila nyumba iandike hapo nani atachukua mfuko wa karatasi, nani atamshika bibi mkono, nani atafungua zizi, na jamaa gani aliye mahala pa juu atawapokea. Yaandikwe majina, wala isiandikwe "sote", kwani kazi ya sote hubaki bila ya mwenyewe. Na watoto wasomewe, wajue zamu zao.

Mwenyezi Mungu atukinge sote na shari za bahari na nchi kavu. Wabillahi tawfiq.