Milima ya Uluguru: Kwa nini udongo huporomoka, na mbuzi wanahusikaje?

Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi ukiwa Kilakala huhitaji kuuliza kama huko juu nako ilinyesha. Angalia tu maji yanayoshuka kutoka mlimani. Yanakuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ni udongo wa shamba la mtu.

Kilakala ni kata ya Manispaa ya Morogoro, chini ya miteremko ya Uluguru. Wengi wanaijua kwa shule ya sekondari ya wasichana yenye jina hilohilo. Kilele cha Lupanga, chenye mita 2,138, kinautazama mji kutoka juu.

Wanasayansi wameichunguza milima hii kwa miongo mingi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichopo hapohapo Morogoro tangu 1984. Haya ndiyo ya msingi kuyajua.

Milima hii imeumbwa na nini?

Uluguru ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Si volkano kama Kilimanjaro. Mawe yake ni ya kale sana: yalipikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi takriban miaka milioni 600 iliyopita. Baadaye ardhi ikapasuka na kuyanyanyua.

Mwamba ukikaa kwenye joto na unyevu muda mrefu, unaoza. Unabaki tabaka laini, na juu yake udongo wa kulima. Sasa weka vitu hivyo kwenye mteremko mkali, kisha mwagia mvua. Upande wa mashariki, unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi, kuna maeneo yanayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mjini Morogoro, kwa kawaida, mvua haifiki hata nusu ya hiyo.

Nini kilitokea Februari 23, 1970?

Siku hiyo mvua ya zaidi ya milimita 100 ilishuka Mgeta, magharibi mwa Uluguru, ndani ya saa zisizozidi tatu. Ardhi iliporomoka sehemu zaidi ya 1,000.

Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa kwenye mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Uppsala, Sweden, walikwenda kupima. Walichokuta kinakumbukwa mpaka leo: karibu maporomoko yote yalikuwa kwenye mashamba na maeneo ya nyasi. Kwenye msitu hayakufika hata asilimia moja.

Sababu ni mizizi. Mizizi ya miti hupenya chini na kuushika udongo kama kamba. Mizizi ya mahindi na nyasi fupi hubaki juu. Maji yakishajaa, tabaka la juu linakuwa zito na halina cha kulishikilia. Linateleza.

Si wakoloni walishaleta matuta?

Walileta, na yakawaletea balaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, yaani kukata mteremko kuwa vipande bapa. Asiyechimba, adhabu.

Tatizo la kwanza lilikuwa la kisayansi. Sehemu nyingi za mlima udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukikata ngazi, unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule usio na kitu. Wakulima waliona mavuno yao yakishuka huku kazi ikiongezeka.

Tatizo la pili ni kwamba hawakusikilizwa. Waluguru walikuwa na njia yao: kupanga majani na mabaki ya mazao kwa mistari inayokingama mteremko, kisha kuyafukia. Ngazi ndogondogo zinajitokeza zenyewe, na mboji inabaki shambani.

Julai 1955 hasira ililipuka Matombo. Polisi walifyatua risasi na mwananchi mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ule wa lazima haukudumu.

Mgeta hali ilikuwa tofauti kidogo. Kule matuta ya ngazi yalishika, kwa sababu wakulima walikuwa na mboga za kuuza na mbolea ya kuurudishia udongo nguvu. Kwa hiyo tuta lenyewe halikuwa adui. Tuta lisilomlipa mkulima ndilo lililokataliwa.

Mbuzi wanaingiaje hapo?

Mwishoni mwa miaka ya 1980 SUA ilipeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway. Vijiji kama Nyandira na Tchenzema vina baridi, hivyo mbuzi hawa wa nchi ya baridi waliweza kukaa huko.

Mbuzi wa maziwa hazururi. Anafungwa bandani, analetewa majani. Hilo peke yake linaupunguzia mlima kwato na midomo inayomaliza uoto. Kisha kuna faida nyingine mbili:

- Mkulima anahitaji malisho, kwa hiyo anapanda majani ya tembo au Guatemala kwenye kingo za matuta. Mizizi yake inashika ukingo usibomoke.
- Samadi inarudi shambani, kwenye mboga na viazi.

Yaani mtu anapanda majani kwa ajili ya maziwa ya watoto, na hapohapo anazuia udongo usifike mtoni. Hahitaji askari wa kumsimamia.

Afya yao ikoje?

Mbuzi wa maziwa wanadai uangalizi kuliko wale wa kienyeji. Yanayosumbua zaidi ni minyoo, homa ya mapafu, upele na uvimbe wa kiwele. Wataalamu wa mifugo hushauri haya:

- Banda liinuliwe, sakafu ya mbao yenye nafasi ili kinyesi kianguke chini.
- Majani yaning'inizwe, yasikanyagwe. Mbuzi anayekula chini anakula na mayai ya minyoo.
- Osha mikono na kiwele kabla ya kukamua, na maziwa yachemshwe kabla ya kunywa.
- Mbuzi anayekohoa atengwe mapema na daktari wa mifugo aitwe.

Hili linarudi kwenye udongo pia. Mbuzi akifa, mkulima hana tena sababu ya kutunza yale majani kwenye kingo.

Kwa nini mtu wa Dar es Salaam ajali?

Kwa sababu anakunywa maji ya huku. Mto Ruvu, chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam, unaanzia Uluguru. Morogoro nayo inategemea Bwawa la Mindu, linalolishwa na mito inayotoka milima hiyohiyo. Kila tope linalotua bwawani linachukua nafasi ya maji.

Ndiyo maana kule Kibungo Juu kulijaribiwa mpango wa kuwalipa wakulima wanaohifadhi ardhi, chini ya mashirika ya CARE na WWF. Miongoni mwa waliochangia ni DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza. Wazo ni rahisi: anayetumia maji chini amshike mkono anayeyalinda juu.

Mwaka 2008 msitu wa juu ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye zaidi ya hekta 24,000. Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji.

Dalili za mteremko unaotaka kuteleza

Kama unaishi au unalima kwenye mwinuko, msimu wa mvua angalia haya:

- Nyufa mpya ardhini au kwenye kuta za nyumba.
- Miti au nguzo zinazoanza kuinama.
- Maji kuchipuka mahali ambapo hayakuwepo.
- Mto kuwa na tope ghafla, au kupungua ghafla wakati mvua inaendelea. Huenda umezibwa huko juu.

Ukiona mojawapo, ondoka kwanza, uende pembeni mwa njia ya maji, usikimbilie bondeni. Kisha mjulishe mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Vitu vitafuatwa baadaye, mvua ikishakatika na ardhi ikishatulia.